Nyundo Isiyokuwemo Ndani ya Boksi

Steringi hafi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kibanda umiza, na mtoto wa Kitanzania huijua kabla hajakariri jedwali la kuzidisha. Steringi atapigwa, atatupwa mtoni, atafungwa kamba na kuachwa ndani ya jengo lenye bomu, na watazamaji waliobanana kwenye mabenchi hawatatikisika, kwa sababu wanajua filamu bado ndefu na kisasi hakijalipwa. Anayekufa ni rafiki wa steringi, yule aliyeonyesha picha ya mchumba wake dakika chache kabla. Na anayekufa bila wasiwasi wowote ni yule jambazi aliyehamia upande wa wema katikati ya filamu. Huyo hupewa muda wa kutubu, risasi moja, na taa zikiwashwa hakuna anayemtaja.

Katuni ninayotaka kuisifu inamhusu huyo wa mwisho. Inaitwa "Code of Hero". Ni sehemu ya tisa ya msimu wa pili wa Beast Wars, iliandikwa na Ian Weir na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza Machi 1998. Haizidi nusu saa hata ukiiwekea matangazo. Mhusika wake mkuu ni Dinobot, roboti anayegeuka dinosaria, askari aliyewaasi wenzake, akawatumikia maadui zao, kisha akawasaliti hao pia kabla ya kurudi kwao. Nimeirudia msimu huu wa mvua, hapa Kisondela, kwenye kompyuta ya mkononi ambayo spika yake inakwaruza. Nilitaka kujua kama ninachokipenda ni kazi yenyewe au ni utoto wangu tu. Nimeridhika kwamba ni kazi. Tena ni kazi ya mafundi, na ufundi wao unastahili kuelezwa hatua kwa hatua, maana ulizaliwa mahali ambapo watu wengi hawatarajii ufundi wowote: kwenye tangazo la midoli.

Biashara haikuwahi kujificha katika ukoo wa katuni hii. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua midoli iliyokuwa ikitengenezwa na Takara ya Japani, magari na ndege na bastola zinazokunjuka kuwa roboti, ikaiweka chini ya jina moja: Transformers. Midoli ile haikuwa na hadithi ya kuiunganisha. Ilibidi watu wa kampuni ya vitabu vya katuni ya Marvel waketi waitungie, na mengi ya majina na tabia zake yalitoka kwa mhariri mmoja, Bob Budiansky. Katuni ya televisheni ikafuata mwaka huohuo, wakati ambapo serikali ya Marekani ilikuwa inalegeza masharti ya matangazo kwenye vipindi vya watoto. Utaratibu ukawa rahisi kuuelewa. Roboti mpya akitokea kwenye skrini, ujue yuko dukani. Roboti akitoweka, ujue dukani ameondolewa.

Utaratibu huo ulifika kilele chake mwaka 1986. Kwenye filamu ya sinema ya mwaka huo walimuua Optimus Prime, kiongozi wa wema, kwa sababu midoli ya zamani ilipaswa kupisha mipya. Watoto wakalia ndani ya kumbi za sinema na wazazi wakaandika barua za malalamiko. Mwaka uliofuata ikabidi afufuliwe. Sheria ya kibanda umiza ilikuwa imevunjwa na mhasibu, na mhasibu akalazimika kuomba radhi.

Beast Wars ilianza mwaka 1996 kwa agizo la aina hiyohiyo. Kenner, tawi la Hasbro, walikuwa na midoli mipya ya roboti wanaogeuka wanyama, sokwe, panya, kifaru, duma, nyigu, buibui, na wakahitaji hadithi ya kuwauza. Kazi ikapelekwa kwa Mainframe Entertainment, studio ya Vancouver, Kanada. Agizo lilikuwa wazi: hawa hapa wanyama wetu, watengenezeeni vita.

Sasa fikiria agizo hilo likisafiri hadi Kisondela. Hii ni kata ya Rungwe yenye migomba, chai, parachichi na mvua isiyojua kuaga. Maduka yake yanauza sabuni, chumvi, biskuti na vocha. Dinobot wa plastiki hakuwahi kukaa kwenye rafu hata moja kati ya hapa na Tukuyu mjini. Mtoto aliyetaka gari alitafuta waya, akakata magurudumu kwenye ndala zilizochakaa, akaunga usukani kwenye kijiti kirefu ili aliendeshe akiwa wima. Aliyetaka bunduki alikata kikonyo cha jani la mgomba. Hakuna aliyeweza kumwomba mzazi amnunulie roboti, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba roboti wale walikuwa wakiuzwa. Tulidhani wametungwa kwa ajili ya hadithi, kama Sungura na Fisi.

Kwa hiyo tangazo lilikufa njiani, na hadithi ikafika peke yake. Ndiyo maana naamini mtazamaji wa Kisondela ni hakimu mzuri wa kazi hii kuliko mtoto wa Ohio aliyekuwa ameshika mdoli mkononi huku akitazama. Ukitaka kujua kama kazi ya kuagizwa ina ufundi, ipeleke mahali ambapo kinachouzwa hakiuzwi, kisha uone kimebaki nini.

Kwanza wamebaki watu. Nasema watu ingawa ni mashine, na hapo ndipo pa kuwasifu wahariri wa hadithi wa Beast Wars, Bob Forward na Larry DiTillio. Mwaka 1996 uchoraji wa kompyuta ulikuwa ghali mno. Mainframe walikuwa wametangulia wenzao wengi kwa ReBoot ya mwaka 1994, tamthilia ya televisheni iliyochorwa yote kwa kompyuta, lakini hata wao kila mhusika mpya aliwagharimu muda na fedha, maana umbo lake lilipaswa kujengwa kuanzia kwenye kiungo cha kidole. Miti, miamba na mito vilevile. Ndiyo maana, ingawa katuni ya mwaka 1984 ilikuwa na msururu wa roboti usiohesabika, Beast Wars ilianza na kama kumi hivi, kwenye sayari isiyo na mji wala barabara. Mwandishi mwenye wahusika mia huwapa kila mmoja sentensi moja na mzinga mmoja. Mwenye kumi hana budi kuwaingia moyoni, kwa sababu wiki ijayo atakutana nao walewale.

Dinobot ndiye aliyefaidika zaidi na uchache huo. Tangu sehemu ya kwanza kabisa alimpinga bosi wake, Megatron, akafukuzwa, akawaendea maadui na kumtaka kiongozi wao, Optimus Primal, wapigane wawili ili atwae uongozi. Alishindwa kuutwaa, akabaki nao. Hakubaki kwa sababu amekuwa mwema. Alibaki kwa sababu ana miiko yake ya kiaskari, na aliona huku miiko hiyo inaweza kuishi. Msimu wa pili akarudi kwa Megatron na diski ya dhahabu mkononi, zawadi ya kurudishiwa nafasi yake. Alipoamriwa amuue Rattrap, mwenzake wa upande wa pili aliyekuwa ametekwa, akakataa, akageuka tena. Lakini diski ilikuwa imeshabaki kwa Megatron. Hilo ni deni, na waandishi hawakulisahau.

Huyo Rattrap, roboti panya, ndiye aliyekuwa akitukanana na Dinobot tangu siku ya kwanza. Sauti zao zote mbili zilitoka kwa mwigizaji mmoja, Scott McNeil, kwa hiyo ugomvi wao mkali kuliko wote ni mtu mmoja anayejitukana mbele ya kipaza sauti. Mtazamaji wa huku hahitaji kufafanuliwa uhusiano ule. Ni utani, na utani una cheo chake. Mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka msibani, na kwa sababu hiyo kimya cha mtani kinauma kuliko kilio cha ndugu. Waandishi wa Beast Wars hawakujua kwamba wanaandika kwa ajili yetu, lakini walipomweka Rattrap miongoni mwa wanaomuaga Dinobot, walikuwa wameshalipia uchungu ule kwa matusi ya msimu mzima na nusu.

Sehemu yenyewe inaanza bila vita. Dinobot yuko peke yake na upanga wake, amekata tamaa ya kuishi. Swali linalomtesa ni hili: diski ile inabeba habari za wakati ujao. Kama wakati ujao umekwisha kuandikwa, basi yeye hakuchagua lolote. Usaliti wake haukuwa wake, na ushujaa wake hautakuwa wake. Mtu asiyechagua hana hatia, lakini hana heshima pia, na Dinobot angevumilia hatia kuliko kukosa heshima. Angalia jinsi swali hilo lilivyo zito kwa katuni ya asubuhi. Wanafalsafa wamelipigania kwa karne nyingi, na misikitini na makanisani kwetu bado linagombaniwa kila mtu anapofiwa ghafla. Hapa linaulizwa na mdoli wa plastiki, tena linaulizwa kwa lugha ya mtu mzima, bila kuwaonea watoto huruma ya uongo.

Diski yenyewe waliikopa kwenye jambo la kweli. Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager, kila kimoja kikiwa na diski ya shaba iliyopakwa dhahabu, ndani yake sauti, picha na salamu za wanadamu kwa lugha 55. Kiluganda kimo. Kinyanja kimo, lugha inayosemwa ng'ambo ya ziwa letu la Nyasa. Kiswahili hakimo. Waandishi wa Beast Wars waliitazama barua ile iliyotumwa kwa wasiojulikana, wakajiuliza ingekuwaje kama ingesomwa na adui.

Na adui anaisoma vizuri. Megatron anatafuta kwenye diski picha ya mlima ambao anauona mbele yake kwa macho. Anaulipua mlima. Anatazama tena diski, na mlima umetoweka pichani. Sioni namna fupi zaidi ya kuonyesha jambo gumu hivyo. Mwandishi mvivu angemleta mzee mwenye ndevu aeleze nadharia ya wakati. Weir ametumia mlima mmoja, mlipuko mmoja na picha moja, na mtoto wa darasa la tatu ameshaelewa kwamba wakati ujao haujafungwa. Uzuri ni kwamba habari hiyohiyo inawafikia wawili kwa pamoja. Kwa Megatron ni silaha: akiweza kuufuta mlima, ataweza kufuta chochote. Kwa Dinobot aliyejificha akitazama ni jibu la swali lake: kama wakati ujao unabadilika, basi alichagua, na anaweza kuchagua tena. Tendo baya kuliko yote ya adui ndilo linalomfungua mfungwa. Sehemu nzima imejengwa juu ya bawaba hiyo.

Megatron anachagua kufuta bonde. Bondeni wanaishi viumbe wadogo wenye manyoya, wanaotembea kwa miguu miwili na wasio na silaha, ambao siku moja watakuwa sisi. Wakifa hao, binadamu hatatokea. Dinobot yuko karibu, wenzake wako mbali, nguvu zake ni chache. Anajua hesabu haimwachii nafasi ya kupona. Anashuka.

Katuni haisemi bonde lile liko wapi. Mtu wa Rungwe haoni sababu ya kuuliza. Milima yetu ya volkano, Rungwe, Ngozi na Kiejo, imesimama mahali ambapo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inakutana: wa Rukwa, wa Usangu na wa Ziwa Nyasa. Ukishuka kutoka Tukuyu hadi Kyela, ukavuka mpaka pale Kasumulu na kuendelea kusini, utafika Karonga, Malawi. Huko, kwenye kilima cha Uraha, watafiti walipata mwaka 1991 taya la chini la mtu wa kale mwenye umri wa takriban miaka milioni 2.4, mmoja wa walio wakongwe kabisa katika jamii ya Homo. Upande wa kaskazini wa nchi yetu ziko nyayo za Laetoli, zilizochimbuliwa mwaka 1978, za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Na Olduvai iko pale, ambapo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Vancouver waliandika kuhusu chimbuko la binadamu kwa kubuni mandhari kwenye kompyuta. Sisi tunayatazama mandhari hayo tukiwa tumekaa juu ya eneo lenyewe, mvua ikigonga bati.

Pigano linalofuata ni somo la namna ya kupanga uchovu. Dinobot anawakabili wafuasi wa Megatron mmoja baada ya mwingine, na kila ushindi unampunguza. Mwanzoni anaruka na kukata. Baadaye anatembea. Baadaye anajikokota, huku mashine iliyo ndani yake ikimwonya kwamba nguvu inakwisha na anapaswa kuzima, naye anakataa kuzima. Mwili wake unatuambia yote. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wetu tuliziona katuni na filamu za Kiingereza kabla ya kukijua Kiingereza. Waliokaa Dar es Salaam walikuwa na watafsiri wa filamu kama Lufufu, aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya mapigano ya watu wa mbali na kuwafanya wazungumze kama jirani wa Manzese. Wengine tulibaki na macho tu. Kazi iliyoandikwa kwa maneno peke yake isingetufikia. Hii ilitufikia, kwa sababu Mainframe walijua kuandika kwa magoti ya roboti: jinsi anavyoyakunja, jinsi anavyochelewa kuyanyoosha.

Mwisho anabaki na Megatron, na silaha zake hazimsaidii tena. Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha sehemu nzima, na ambalo sikuliona vizuri hadi niliporudia kutazama nikiwa mtu mzima.

Mdoli wa Dinobot uliuzwa na silaha zake. Mkia wake uligeuka silaha ya kuzunguka, na palikuwa na upanga. Vitu hivyo ndivyo vilivyolipiwa vionekane kwenye skrini. Ndivyo mtoto wa Marekani alivyovikuta ndani ya boksi. Katika dakika ambayo hatima ya wanadamu wote inaamuliwa, vitu vya ndani ya boksi havifai kitu. Dinobot anaokota jiwe. Anaokota mti. Anaviunganisha, anapata nyundo, na kwa nyundo hiyo anampiga Megatron. Kisha anatumia nguvu yake ya mwisho kuiteketeza diski ya dhahabu, akalipa deni lake.

Nyundo ile haikuwemo ndani ya boksi la mdoli ule. Isingeweza kuuzwa, kwa sababu haina thamani: ni jiwe na mti. Mtoto wa Kisondela ambaye asingeweza kuupata mdoli hata kwa ndoto angeweza kuitengeneza nyundo ile kabla ya chakula cha mchana, akaifunga kwa ukambaa wa mgomba, na ikawa nyundo yenyewe hasa. Ndani ya tangazo, waandishi walipitisha kitu kimoja kisicho na bei, wakakikabidhi kazi kubwa kuliko silaha zote zilizokuwa na bei. Sidhani kama palikuwa na uasi dhidi ya Kenner. Mwenye mali alipata alichoagiza, maana Dinobot hakuwahi kupendwa kama alivyopendwa siku ile. Lakini fundi anatambulikana hapo. Alipewa orodha ya vitu vya kuonyesha, akavionyesha vyote, kisha akaongeza kimoja ambacho hakikuwemo kwenye orodha, na hicho ndicho kilichobeba mzigo.

Mtaalamu wa mambo ya kale atapinga, na ana haki. Zana za kwanza za mawe zilishikwa kwa mkono mtupu. Zile za Olduvai ni mawe yaliyogongwa hadi yakapata makali. Zile kubwa za Isimila, karibu na Iringa, ambazo mtu yeyote anaweza kwenda kuziona zimelala kwenye korongo, nazo ni za kushikwa kiganjani. Kulifunga jiwe kwenye mpini ni uvumbuzi uliochelewa mno. Mikono ya mababu zetu iliyazoea mawe kwa zaidi ya miaka milioni mbili kabla ya mpini kupatikana. Dinobot ameruka ngazi nyingi. Lakini waandishi hawakuwa wanafundisha historia. Walihitaji chombo ambacho mtazamaji akikiona atajua papo hapo kwamba kimetengenezwa na akili, si kuokotwa tu, na jiwe peke yake lisingesema hivyo kwa haraka. Wamekosea tarehe ili wapate maana, na wamelilipia kosa hilo kwa picha inayofuata: mmoja wa wale viumbe wadogo anaokota nyundo iliyoachwa, anaipima mkononi, anaanza kupiga nayo. Shujaa ameokoa uhai wa kabila zima, lakini alichowaachia ni wazo.

Nimesema Dinobot anakufa. Wenzake wanafika wakiwa wamechelewa, na hakuna fundi wa kumtengeneza. Maneno yake ya mwisho yamekopwa kwa Hamlet wa Shakespeare, na kabla ya hapo anawaomba wenzake jambo moja: watakaouliza habari zake wasimuliwe ukweli, mabaya yake pamoja na mema, ahukumiwe kwa yote. Ulinganishe msiba huu na ule wa mwaka 1986. Optimus Prime aliuawa kwa sababu za nje ya hadithi, na watoto waliuhisi ule uonevu hata kama hawakujua neno hesabu za stoo. Kifo cha Dinobot kimetoka ndani. Kila kitu kilichomfikisha pale alikifanya mwenyewe: alisaliti, akatoa diski, akajuta, akachagua. Ndiyo maana hakikuzusha malalamiko ya aina ile, na mpaka leo wapenzi wa Transformers wakipanga sehemu zao bora, hii haikosekani juu. Watoto hawachukii kifo katika hadithi. Wanachukia kifo kisicho na sababu.

Mafunzo ya kazi hii hayawahusu Wakanada pekee. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru aliyehamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu kulikuwa na wageni wa kununua. Alitumia mbao laini za dari na rangi ya mafuta, akauza pale Morogoro Stores, Oysterbay. Sanaa ile ilikuwa bidhaa kuanzia siku ya kwanza. Bado chui wake ana macho ambayo hakuna mtalii aliyeyaagiza, na mwaka 2010, karibu miaka arobaini baada ya kifo chake, mtindo wake ulipata kuwa katuni ya televisheni, Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids wa Dar es Salaam wanatengeneza katuni za Kiswahili ambazo kazi yake imetajwa wazi, kufundisha hesabu na sayansi. Huku kwetu wachoraji wengi wataendelea kuishi kwa kazi za namna hiyo: shirika linataka katuni ya chandarua, benki inataka katuni ya kuweka akiba, wizara inataka katuni ya kunawa mikono. Nimewasikia vijana wakisema kwamba kazi ya kuagizwa haina nafasi ya sanaa. Ningependa kila mmoja wao aitazame "Code of Hero" akiwa na kalamu, aandike kila kilichoagizwa upande mmoja na kila kilichoongezwa upande mwingine, aone orodha ipi imedumu.

Lakini anayetaka kuanza asianzie hapo. Aanze na sehemu mbili za mwanzo za mwaka 1996, amwone Dinobot akiwa na kiburi. Kisha atazame "Maximal, No More", amwone akisaliti. Bila deni, malipo hayana uzito. Akifika kwenye nyundo, atakuwa na haki ya kutoa hukumu ambayo marehemu mwenyewe aliiomba. Yangu ni hii: aliwakimbia wa kwanza kwa kiburi, aliwasaliti wa pili kwa woga wa kushindwa, alimpa adui diski iliyokaribia kuwafuta wanadamu, na alipopata kujua kwamba angeweza kuchagua, alichagua kufa kwa ajili ya viumbe ambao wasingeweza hata kumshukuru. Hakuwa steringi. Hilo la kwanza nimelihesabu dhidi yake, la pili nimelihesabu dhidi yake, la tatu pia, na bado mizani imelalia upande wake.